Shokapu na Kifyonza-mshtuko: Jina Lipi Humwongoza Mnunuzi?

Miongoni mwa istilahi za magari zinazoenea katika maandishi yaliyofasiriwa ni neno "kifyonza-mshtuko", ambalo wengine huliandika "kinyonya-mshtuko". Gereji haiyatumii majina hayo. Fundi husema "shokapu", na mwenye gari humjibu kwa neno hilo hilo. Twakusudia kulipima jina la wafasiri kwa kazi moja tu, nayo ni kuchagua shokapu mpya za gari ambalo springi zake za asili zimeondolewa na kuwekwa springi fupi ili gari liwe chini zaidi.

Kazi hii tumeichagua kwa sababu. Mwenye gari lisilobadilishwa hutaja aina ya gari na mwaka wa kutengenezwa, akapewa kifaa kinachofaa hata kama hajui jina lake. Mwenye gari lililoshushwa hana njia hiyo ya mkato. Hapana budi aeleze anachotaka, na hapo maneno ndiyo humsaidia au humpoteza. Wala jambo hili si la vijana wapenda mbio peke yao: baadhi ya magari yaliyokwisha kutumika yanayoletwa kwetu kutoka Japani hufika yakiwa yamekwisha kushushwa, na mnunuzi huligundua jambo hilo shokapu zinapokwisha.

Kosa la "kifyonza-mshtuko" ni kwamba kinakipa kifaa hiki kazi ya kifaa kingine. Gurudumu linapopanda tuta au kuangukia shimo, kinachopokea pigo kwanza ni tairi, kisha springi, ambayo hujikunja na kuiweka nguvu ile ndani yake. Springi ndiyo pia inayobeba uzito wa gari. Tazama ekseli ya nyuma ya magari yale ambayo springi na shokapu zimetengana: shokapu zikifunguliwa, gari husimama karibu katika kimo kile kile. Tatizo la springi ni kwamba haisahau. Nguvu iliyoipokea huirudisha, na gari likaendelea kupanda na kushuka. Shokapu huja hapo kuutuliza mtikisiko huo: pistoni husukuma mafuta yapite katika vitundu vyembamba na vali, na mwendo ukageuka kuwa joto. Basi kazi yake kubwa ni kuituliza springi.

Lawama haiwaangukii wafasiri wetu peke yao. Jina walilolifasiri neno kwa neno, shock absorber, lilienea tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Truffault wa Ufaransa na Hartford wa Marekani walipouza vifaa vilivyotumia msuguano wa sahani badala ya mafuta. Wahandisi wa Uingereza hupendelea jina jingine, damper, lenye maana ya kitulizaji. Kifaransa nacho husema amortisseur, kutokana na kitenzi cha kufifisha. Katika majina yaliyokuwako, mfasiri wetu alishika lile ambalo wahandisi wenyewe hawalipendi.

Madhara yake huonekana dukani. Anayeamini kwamba kifaa hiki hufyonza mshtuko, naye amekwisha kuweka springi ngumu zinazomtikisa, atatafuta kifaa "kifyonze zaidi", yaani laini kuliko cha kwanza. Hiyo ni kinyume cha haja yake. Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme kona moja ya gari hubeba kilo 300, na springi iliyokaa juu ya gurudumu ina ugumu wa nyutoni 20 kwa kila milimita. Kona hiyo ikitikiswa itapanda na kushuka mara 1.3 hivi kwa sekunde. Ikiwekwa springi fupi yenye ugumu wa nyutoni 26, itakuwa karibu mara 1.5. Springi hiyo yahitaji shokapu yenye nguvu zaidi ya kuituliza, hasa inapojikunjua. Walakini isidhaniwe kwamba kwa kuwa ugumu wa springi umepanda kwa asilimia 30, basi shokapu nayo ipandishwe kwa kiasi hicho. Mahitaji hupanda kwa kipeuo cha pili, yaani asilimia 14 tu. Anayenunua shokapu kali kupita kiasi hupata gari linalogongagonga juu ya kila jiwe, kisha huilaumu springi.

Hapa twagusa neno ambalo kwa maoni yetu lina hatari kuliko hata "kifyonza-mshtuko", nalo ni "ngumu". Springi ni ngumu, shokapu ni ngumu, na safari pia ni ngumu! Maana hizo ni tatu. Springi hupinga kadiri ilivyokunjwa, hata kama imetulia tuli. Shokapu hupinga kadiri inavyokwenda kasi. Ikisimama, upinzani wake huisha. Twapendekeza "ugumu" uachiwe springi, na shokapu ipewe "ukinzani", neno ambalo walimu wa umeme wamekwisha kulizoea. Kadhalika ukinzani huo una pande mbili, na mafundi wana vitenzi vilivyo tayari: kubana na kuachia. Koni ya Uholanzi, mathalani, hutengeneza shokapu ambazo ukinzani wake wa kuachia huweza kurekebishwa, na hilo lina faida kubwa kwa mtu mwenye springi zisizo za kiwandani. Hatuoni haja ya kumtungia msomaji majina mapya ya miendo hiyo miwili.

Lipo na suala la urefu, ambalo "kifyonza-mshtuko" halilidokezi hata kidogo. Gari likishushwa milimita 40, shokapu ya zamani iliyo kando ya gurudumu hukaa ikiwa imekwisha kubanwa milimita 40, na nafasi iliyobaki ya kubana hupungua kwa kiasi hicho. Pistoni huugotea mwisho mara kwa mara na kuharibika mapema. Tena gari likiinuliwa kwa jeki, shokapu ndefu hulegea chini kupita urefu wa springi fupi, na springi yaweza kuchomoka mahali pake. Kwa hiyo watengenezaji hutoa shokapu zilizofupishwa. Kwa Bilstein wa Ujerumani, B6 ni hasa kwa gari lenye kimo chake cha kawaida, na B8 imefupishwa kwa ajili ya gari lililoshushwa. Tofauti hiyo yote imo katika tarakimu moja, na karani asiyeijua ataiona kama kosa la chapa.

Watakuwapo wasemao kwamba "shokapu" ni neno la mitaani, lisilostahili hati ya Serikali. Twauliza: breki, gia, klachi na springi zilitoka wapi? Neno hili limekwisha kukubali irabu zetu na ngeli yetu (shokapu hii, shokapu hizi, ingawa wengine husema mashokapu), na lina sifa moja njema: kwa kuwa halielezi kitu, halisemi uongo. Maelezo yawekwe katika fasili, ambako ndiko mahali pake. Mtu akitaka jina la kueleza, tungekubali "kituliza-springi" kabla ya "kifyonza-mshtuko", lakini hatumlazimishi fundi.

Mwandishi wa zabuni, basi, angeweza kuandika hivi: "Shokapu 2 za nyuma, zilizofupishwa, kwa gari lililoshushwa milimita 40 kwa springi zenye ugumu wa nyutoni 26 kwa milimita, ukinzani wa kuachia uweze kurekebishwa." Kwa magurudumu ya mbele ya magari mengi aongeze kwamba shokapu ndiyo inayobeba springi, maana huko vitu viwili hufungwa pamoja na gereji huviita vyote kwa jina moja.

Imebaki ile raba inayozuia chuma kisigonge chuma shokapu inapofika mwisho wa kubana, ambayo katika gari lililoshushwa mara nyingi hulazimika kuwa fupi zaidi. Twawaomba walimu wa ufundi watuandikie jina walisikialo katika karakana zao, kabla halijatungwa jingine mezani.