Wasomaji wa Konea

Mto Lomami huanzia karibu na Kamina na kuelekea kaskazini hadi Isangi, unapoingia mto Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwenye maeneo ya Lomami na Sankuru, daktari Mbelgiji Jean Hissette alikuta vijiji vyenye vipofu wengi kupita kiasi. Alisema wamepofushwa na minyoo ya Onchocerca, ile inayoenezwa na usubi wa mitoni. Wakubwa wa tiba walisita kumwamini. Hissette akaitafuta minyoo ndani ya jicho lenyewe, akaiona kwa hadubini. Mwaka 1934 msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Richard Strong, ulifika Kongo kuhakiki, nao ukamthibitisha.

Ufundi wa kuitafuta minyoo hiyo bado unapendeza. Mgonjwa huinamisha kichwa kati ya magoti kwa dakika chache, kisha huinuka na kutazamwa papo hapo kwa mwale mwembamba wa mwanga. Vijinyoo huonekana vikijipinda ndani ya maji ya jicho. Kuinama huko hakugharimu kitu, ila lazima kuwe na aliyefundishwa.

Lakini si kila adui wa jicho huonekana wazi hivyo. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ina unene wa nusu milimita tu, na lugha yake ya kulalamika ni finyu: wekundu, maumivu, machozi, doa jeupe. Bakteria huzungumza hivyo, fangasi vilevile. Akantamiba, amiba wa majini, mara nyingi hudhaniwa kuwa virusi vya herpesi. Hata fangasi ilichelewa kutambuliwa. Ni mwaka 1879 Theodor Leber alipoieleza katika jicho la mkulima Mjerumani aliyejeruhiwa na kapi wakati wa kupura nafaka.

Sasa mfikirie mkulima wa Kamina aliyechapwa jichoni na jani la muhindi. Akiuziwa matone yenye steroidi, wekundu hupungua na moyo hutulia, kumbe fangasi imepewa nafasi ya kustawi. Huko Mbarara, Uganda, Simon Arunga na wenzake walifuatilia wagonjwa 313 wenye vidonda vya konea: karibu sita kati ya kumi walikuwa na fangasi, na wengi walikuwa wameshatia dawa za kienyeji.

Ndiyo maana anayestahili sifa ni yule anayekwangua kidonda. Hutia matone ya ganzi, hushika sindano safi, na kukwangua ukingo na kitako cha kidonda bila mkono kutetemeka, maana chini yake pamebaki ngozi nyembamba mno. Chembe huzipaka kwenye vioo. Kimoja hutiwa rangi ya Gram kutafuta bakteria. Kingine hudondoshewa potasiamu haidroksaidi, inayoyeyusha seli za jicho na kuacha nyuzi za fangasi wazi. Kisha anakaa, anatazama, anasogeza kioo, anatazama tena. Ni kazi ya subira, nayo hutangazwa mara chache zaidi kuliko upasuaji.

Natamaisini, dawa ya fangasi ya jicho, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Lakini nani ataitoa bila kujua adui? Hadubini ya kawaida, chupa ya kemikali na fundi mmoja aliyezoezwa vinaweza kuwekwa Kamina, ili mgonjwa asisubiri reli ya Lubumbashi huku konea ikitoboka.