Kuitambua Maleti Njema: Mwongozo kwa Aiachaye Bledi

Miongoni mwa fimbo 14 ambazo kanuni za gofu zamruhusu mchezaji kuzichukua, ile ya kusukumia mpira shimoni ndiyo itumikayo zaidi, na ndiyo ichaguliwayo kwa maarifa machache. Kwani aghalabu mtu huishika dukani, akausukuma mpira mmoja juu ya zulia, ukaenda sawa, naye akadhani amekwisha kupata ithibati. Pigo zuri halithibitishi kitu, kwa sababu huingia kwa fimbo yoyote. Anayetaka kuihama bledi aende kwenye maleti sharti aanze na kanuni hii: fimbo hupimwa kwa namna inavyolipokea kosa la mkono.

Bledi na maleti ni aina mbili za fimbo hiyo ya kusukumia. Bledi ina kichwa chembamba, mpini wake aghalabu umeungana nacho upande wa kisigino, na uzito wake wakaa karibu na uso unaougusa mpira. Maleti ina kichwa kipana kinachorefuka kwenda nyuma, na fundi mwenye ujuzi huutumia upana huo kuupeleka uzito pembezoni na nyuma kabisa. Mchukuzi wa mzega aliyetundika ndoo mbili katika ncha za mti wake hageuzwi upesi akisukumwa bega, ilhali kama angeukumbatia uzito ule ule kifuani angezungushwa kwa wepesi. Na kichwa chenye uzito pembezoni hukataa kupinda kwa sababu iyo hiyo, hata mpira ukiguswa nje ya kitovu chake. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, aliitia hekima hii katika fimbo zake za Ping tangu mwaka 1959, na Anser yake ya 1966 yaonyesha kwamba hata bledi yaweza kugawiwa uzito kisigino na ncha. Kabla yake, mwaka 1904, Walter Travis wa Marekani aliutwaa ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza kwa fimbo ya Schenectady, yenye kichwa cha alumini mfano wa nyundo na mpini uliopandwa katikati; na mwaka 1910 wakuu wa gofu wa St Andrews wakazipiga marufuku fimbo za sampuli hiyo, marufuku iliyodumu miaka 40 na ushei.

Mtihani wa kwanza ni wa jicho. Iweke fimbo nyuma ya mpira, uielekeze shabaha kwa mistari iliyochorwa juu ya kichwa, kisha umwombe mwenzio asimame nyuma yako akuambie uso watazama wapi. Wingi wa mistari si ubora. Mistari bora ni ile inayokuongoza kwenye shabaha bila ya kukushughulisha, na kama kila mara waelekea kushoto au kulia, fimbo hiyo, hata iwe ya thamani gani, haikuumbiwa macho yako.

Wa pili ni wa mizani. Ulaze mpini juu ya kidole hata fimbo itulie. Uso ukitazama mbinguni, fimbo hiyo yamfaa mwenye mkono unaokwenda nyuma na mbele kwa mstari ulionyooka. Ncha ikielekea chini, yamfaa ambaye mkono wake hupinda kidogo kama upinde. Maleti nyingi ni za namna ya kwanza na bledi nyingi ni za namna ya pili, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, maana hubadili umbo la kichwa wasijue kwamba wamebadili pia mwendo wanaodaiwa. Mwenye mkono wa upinde na atafute maleti yenye shingo fupi iliyoinama, ambayo ncha yake hushuka.

Mtihani wa tatu ndio mkuu, na nchi ya chai ya Kericho na Bomet imejaaliwa chombo chake, nacho ni umande. Alfajiri, kabla grini haijafagiliwa, tafuta mahali palipo sawa, usukume mpira mmoja kwa katikati ya uso, wa pili kwa ncha, wa tatu kwa kisigino, kwa nguvu zilizo sawa. Umande utazihifadhi njia zote tatu. Kwa bledi, mpira wa ncha aghalabu hupungukiwa na hukengeuka; kwa maleti iliyotengenezwa kwa insafu, mipira mitatu hulala jirani. Hata hivyo mkono wako sharti uhisi tofauti, kwani fimbo inayosamehe kosa na kulificha pia haimfunzi mwenyewe kitu.

Fauka ya hayo, pima juu ya majani utakayochezea. Mvua za alasiri za Kericho huyalowesha majani na kuupunguza mwendo wa mpira, nao huzama kidogo katika kikalio chake. Kwa hiyo uso na uinuliwe nyuzi 3 au 4, upate kuunyanyua kabla haujabingirika. Mchezaji atokaye Soin, kwenye bonde la joto ambako majani hukauka upesi, asishangae fimbo aliyoizoea huko ikimpa pigo fupi huku juu.

Mwisho, na hasa kwa fimbo iliyokwisha tumika, kagua kazi ya fundi. Gonga kichwa kwa kifundo cha kidole: kikilia kwa mtikisiko, kiungo kimelegea. Tazama kama kipande kilichopachikwa usoni kimekaa sawasawa pande zote, na kama mpini umenyooka. Mshiko uliochakaa si kasoro, kwa kuwa hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Scottie Scheffler, aliyekwisha kuwa mchezaji wa kwanza duniani huku akilaumiwa kwa kusukuma kwake, alishika maleti Machi 2024, akashinda shindano la Bay Hill kwa mapigo 5 na wiki iliyofuata akashinda tena. Lakini mtu yule alikuwa hodari kabla ya fimbo ile. Kwa hiyo, ikiwa mipira yako ya bledi hukosa shimo kwa sababu umeusoma vibaya mteremko, baki na bledi yako na ujifunze kusoma mteremko. Ikiwa hukosa kwa sababu uso umepinda mkononi, hama bila ya kusitasita, na fedha yako uitoe kwa ile ambayo mipira yake mitatu imelala karibu zaidi.