"UNCLE" SI MJOMBA TU: Neno Moja la Kiingereza Madarasani mwa Fizi na Baraka

Mwanafunzi wa Kiingereza huko Baraka akiulizwa maana ya "uncle" hujibu upesi: "mujomba". Jibu huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, na somo huendelea. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, tena kosa lenye gharama.

Kiswahili cha Fizi na Baraka hakiwachanganyi watu hawa. Ndugu wa kiume wa mama ni mujomba. Kaka wa baba ni baba mukubwa, na mdogo wake ni baba mudogo. Kiingereza hufuta upande na umri pia, kisha huongeza hata mume wa shangazi. Kifaransa, lugha ya shule, hakisaidii, kwani "oncle" lina upana uleule.

Ajabu ni kwamba Kiingereza cha kale kilitofautisha: "eam" alikuwa ndugu wa mama, "fædera" ndugu wa baba. Maneno yote mawili yalisukumwa kando na hilo "oncle", ambalo asili yake ni "avunculus" la Kilatini, yaani ndugu wa mama peke yake. Wa baba aliitwa "patruus". Basi anayejibu "mujomba" ameigusa asili ya neno bila kujua, ila ameikosa maana yake ya leo.

Je, haya ni mambo ya wanaisimu tu? Hasha. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, ilipokea watu wengi wa Fizi, na baadhi yao walihojiwa ili wahamie Marekani. Tumfikirie kijana aliyelelewa na baba mudogo. Katika mahojiano ya kwanza mkalimani anaandika "father". Katika ya pili, "uncle". Kijana aweza kudhaniwa mwongo, hali hakusema uongo hata mara moja.

Mwalimu asitafute neno moja la kujaza pengo. Achore ukoo wa mwanafunzi mwenyewe ubaoni, kisha "uncle" liandikwe juu ya kila mtu linayemhusu. ("Anko" la mijini Tanzania, aitwalo hata mtu asiye jamaa, tuliache, hilo ni la heshima.) Halafu darasa lipewe sentensi ya Kiingereza, liulizwe: wa upande gani? Mkubwa au mdogo? Sentensi isipojibu, mwanafunzi atambue kwamba Kiingereza hakikuuliza.

Kesho yake ningeanza na "cousin".