Harusi ya Kipakistani: Leo Mwenyeji ni Nani?

Ukialikwa harusi Lahore au Karachi, tazama kwanza kadi imetoka upande gani. Wageni wengi hustaajabia rangi, dhahabu na wingi wa siku, wasitambue kuwa shughuli nzima imepangwa kwa zamu za uenyeji. Siku ya baraat, yaani msafara wa bwana harusi kumfuata bibi harusi, kwao bibi harusi ndio wanaokaribisha na kulisha. Siku ya walima, karamu ya baada ya ndoa, zamu ni ya kwao bwana harusi. Kwa hiyo aliyealikwa na upande wa mume hafiki kwenye baraat kama mgeni wa kawaida. Yumo katika msafara wenyewe, ngoma ya dhol ikitangulia, na hupokewa mlangoni kwa maua.

Kabla ya hapo kuna mayun. Bibi harusi hutulizwa ndani, akavishwa manjano na kusuguliwa ubtan, mchanganyiko wa bizari ya manjano, unga wa dengu na manukato. Msomaji wa Unguja au Lamu ataona hapo singo yake. Usiku wa mehndi ni wa hina, nyimbo na kutaniana kwa pande mbili. Vaa rangi kali, na ukiitwa kucheza usijivute sana.

Kiini cha yote ni nikahi, na hapa ndipo wageni husinzia. Chini ya sheria ya ndoa za Waislamu ya mwaka 1961, ndoa husajiliwa kwa fomu maalumu, nikahnama. Mahari huandikwa humo, pamoja na kiasi cha kulipwa mara moja na cha kulipwa baadaye. Kipengele cha 18 kinauliza kama mume amemkabidhi mke haki ya kutoa talaka. Mara nyingi wazee hukipiga mstari kabla ya bibi harusi kuishika kalamu, ati kuzungumzia talaka siku ya harusi ni nuksi. Kwa maoni yangu hakuna pambo la siku hiyo lenye uzito kama mstari huo wa kalamu. Idhini ikishapatikana na saini kutiwa, hugawiwa tende kavu, watu wakakumbatiana.

Kisha mzaha: mashemeji wa kike huficha viatu vya bwana harusi na kudai fedha ili wavirudishe. Bei hupiganiwa kwa kelele, na bwana harusi aliyejiandaa huja na noti mfukoni. Baada yake kicheko hukatika, kwa kuwa rukhsati, kumuaga binti, huwa ni kilio cha kweli, huku Msahafu ukiinuliwa juu ya kichwa chake anapotoka.

Chakula nacho kina sheria. Katika jimbo la Punjab, sheria ya mwaka 2016 inataka mchuzi wa aina moja tu, pamoja na wali, mkate, saladi na kitamu kimoja, na shughuli ifungwe saa nne usiku. Shabaha ni kuwapunguzia mzigo wazazi wa binti. Sheria ya mwaka 1976 ilikwisha kujaribu jambo la jirani, ikaweka kikomo cha rupia 5,000 kwa jahez, yaani vyombo na mali anayotoka nayo bibi harusi kwao. Vitanda, majokofu na pikipiki viliendelea kupakiwa kwenye magari.

Linabaki suala la bahasha. Vijijini Punjab kuna neondra, fedha za harusi zinazoandikwa daftarini jina kwa jina. Mtafiti Zekiye Eglar aliieleza desturi hii katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu kijiji cha Kipunjabi: unaporudisha ulichotunzwa, unaongeza kitu juu yake. Ukirudisha kiasi kilekile bila nyongeza, umefunga hesabu, na pamoja nayo udugu. Anayechanga harusi Dar es Salaam anaijua presha ya daftari, ila kwenye neondra deni haliruhusiwi kwisha. Mgeni wa mbali hana ukurasa humo, hivyo atoe anachokiweza, jina lake likiwa limeandikwa wazi juu ya bahasha. Aliyealikwa na kwao binti ampe mwenyeji wake siku ya baraat; aliyealikwa na kwao mume asubiri walima.