Usumbura: Jina la Zamani au Jina la Lugha Nyingine?

Msomaji afunguaye kamusi ya Kiingereza yenye majina ya mahali, akatafuta neno Usumbura, atakuta maelezo mafupi mno: kwamba hilo ni jina la zamani la Bujumbura. Maelezo hayo yamenakiliwa kitabu hadi kitabu na atlasi hadi atlasi, hata hakuna tena ayaulizaye. Twataka kuyahakiki hapa, kwanza kwa sababu yametuponza sisi wenyewe darasani, na pili kwa sababu twaona yanasema nusu tu ya jambo. Nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu mwalimu wa Kiswahili.

Huku kwetu Bugarama, katika mwambao wa Tanganyika ulio kati ya Bujumbura na Rumonge, tuliwapa wanafunzi zoezi la tafsiri. Kifungu kilikuwa cha Kiingereza, nacho kilisimulia kuuawa kwa Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, tarehe 13 Oktoba 1961, mjini Usumbura. Wanafunzi karibu wote waliandika Bujumbura. Mmoja aliliacha jina kama alivyolikuta. Tukampigia mstari mwekundu, na pembeni tukaandika: “Jina la wakoloni.” Tulimpunguzia alama mbili.

Siku ya tatu babu yake alikuja shuleni, mzee wa biashara ya mawese, amekunja daftari la mjukuu kwapani. Alitusalimu kwa adabu, akaomba ruhusa ya kusema. “Mwalimu wetu, utuwie radhi. Jina hili mimi sikufundishwa na Mbelgiji. Baba yangu alikuwa akilitamka, naye hakujua kusoma wala hakupata kumtumikia Mzungu. Alikuwa mtu wa mitumbwi, akienda Ujiji na kurudi. Sasa, mwalimu, baba yangu alikuwa mkoloni?”

Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Lakini jibu lilikuwamo katika sarufi tunayoifundisha kila mwaka.

Tazama viambishi. Kirundi husema ubuntu, Kiswahili husema utu. Kirundi husema ubumwe, Kiswahili umoja. Kirundi husema ubugari, Kiswahili ugali. Ile bu- ya Kirundi na u- ya Kiswahili ni kiambishi kimoja kwa asili, ila Kiswahili kimeidondosha b yake zamani sana. Kiambishi hicho ndicho kinachotumika kuitaja nchi: Unyamwezi, Ugogo, Uha, Uvinza. Kwa hiyo mtu wa msafara atokaye pwani akifika Buha husema Uha, akifika Burundi husema Urundi, na akifika Bujumbura husema Usumbura. Hakupotosha kitu. Ametamka jina kwa kanuni ya lugha yake, kama vile Mfaransa asemavyo Londres bila ya kulaumiwa na mtu. (Wapo wanaolihusisha jina hili na viazi vitamu, ambavyo kwa Kirundi ni ibijumbu. Humo hatuingii. Sikio ni shahidi mwepesi wa kudanganyika.)

Waandishi wa Kiingereza waliyapokea majina haya kutoka vinywani mwa watu hao. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na miezi michache baadaye wakapanda kwa mitumbwi hadi Uvira. Burton aliandika Urundi na Warundi. Stanley naye, katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1872, alimweleza msomaji wake kwamba U- ni nchi, Wa- ni watu, na M- ni mtu mmoja. Maelezo hayo ni somo la sarufi ya Kiswahili, japo yamewekwa katika kitabu cha Kiingereza cha kuuzwa London. Twashangaa basi kwamba waliokuja baada yao, wenye kamusi nene na wahariri wengi, waliyachukua majina wakaiacha sarufi.

Kisha likaja jambo la serikali. Wadachi waliweka boma lao Usumbura katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kwa kuwa walitawala kwa Kiswahili, waliandika Kiswahili. Wabelgiji waliingia mwaka 1916, wakayakuta maandishi hayo na kuyashika. Tangu hapo katika taarifa za Kiingereza, za Shirikisho la Mataifa na baadaye za Umoja wa Mataifa, Usumbura likawa na maana mbili: mji wenyewe, na utawala uliokaa ndani yake. Ikisemwa kwamba Usumbura imeamua au imekataa, si mji uliokuwa ukisema, bali utawala wa Ruanda-Urundi. Na hilo jina la Ruanda-Urundi ni la ajabu kidogo, kwa kuwa nusu yake ya pili imevaa kiambishi cha Kiswahili, na ya kwanza haikuvaa. Hatujaona kamusi ya Kiingereza iliyolisimamia jambo hilo hata kwa mstari mmoja.

Tarehe 1 Julai 1962 Burundi ilipata uhuru, na umbo la Kirundi ndilo likawa jina rasmi. Hapa ndipo kamusi zinapoandika neno “zamani”, na hapa ndipo sisi twazipinga. Neno hilo humfanya msomaji adhani kwamba kwanza palikuwa na Usumbura, kisha Usumbura ikafa, ndipo Bujumbura ikazaliwa. Mambo hayakuwa hivyo. Majina yote mawili yaliishi pamoja: moja kinywani mwa asemaye Kirundi, la pili kinywani mwa asemaye Kiswahili. Kilichobadilika mwaka 1962 ni jina lipi liandikwe katika muhuri wa serikali na katika ramani. Kiingereza kimegeuza tofauti ya lugha kuwa tofauti ya wakati.

Wala si Usumbura peke yake. Wasemao Kimarathi walikuwa wakisema Mumbai siku zote ambazo Waingereza walikuwa wakiandika Bombay, na bado twaambiwa kwamba mji huo “ulibadilishwa jina” mwaka 1995. Kwa Uganda, Kiingereza kilikuwa na busara zaidi, au labda bahati tu: kilishika maumbo yote mawili, kikasema Uganda kwa nchi nzima na Buganda kwa ufalme wa Kabaka. Umbo la Kiswahili likapata kazi yake, na la Kiganda likapata kazi yake.

Mtafsiri afanyeje basi? Waandishi wa Kiingereza walio makini hufuata mwaka wa tukio. Wakisimulia kuuawa kwa Rwagasore huandika Usumbura, kisha hutaja Bujumbura kwa ajili ya msomaji wa leo. Desturi hiyo ni njema, nasi twaikubali katika tafsiri. Lakini itumiwe kwa macho. Wapo wanaoandika kwamba Livingstone na Stanley walifika Bujumbura mwaka 1871, hali jiwe lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871 liko Mugere, kusini mwa mji, na lile boma lililozaa mji lilikuwa bado miaka 25 na ushei. Wengine huenda mbali zaidi, wakasema kwamba ni hapo penye jiwe walipoonana mara ya kwanza, na kila mtoto wa Kigoma ajua kwamba walionana Ujiji.

Hatusemi kwamba Kiswahili cha leo kirudie Usumbura. Wenye mji wamechagua jinsi ya kuandika jina lao, na Mswahili wa Buyenzi husema Bujumbura, au Buja akiwa na haraka. Tena hatusahau kwamba umbo la Kiswahili lilipandishwa juu ya lenzake kwa nguvu ya boma, wala si kwa uzuri wa sarufi. Mwenye kumbukumbu ya boma hilo ana haki ya kulichukia. Tunalokataa ni kumwambia mtoto wa mwambao huu kwamba neno la babu yake lilitoka Brussels. Tangu zamani wako watu humu nchini wamwonao asemaye Kiswahili kuwa mgeni wa kando ya ziwa. Maelezo ya kamusi, yakisomwa bila ya uangalifu, huwaongezea hoja.

Tulimrudishia mwanafunzi alama zake mbili, tukaufuta ule mstari mwekundu kadiri ulivyofutika. Chini ya jina tulimtaka aongeze, kati ya mabano, kwamba mji huo ni Bujumbura, mji mkuu wa Burundi. Aliandika Bujumbura, kisha akainua kalamu, akatukumbusha kwamba tangu mwaka 2019 mji mkuu wa siasa ni Gitega.