Huyu na Yule

Kabla ya chochote msimulizi anakagua nyaya. Anaivuta kila moja kidogo kwa vidole viwili, pale inapoingia kwenye chombo chake, kama mvuvi anayejaribu fundo la mshipi: betri na inveta, inveta na deki, deki na mikisa, mikisa na sabufa. Mwisho anafuta maiki kwa kipande cha kanga kikavu, maana chumvi iliyo hewani hula kila chenye chuma. Jua limeshazama. Mwezi ni mkubwa, na ndiyo sababu watu wapo. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa inahitaji giza. Mbalamwezi ikishatanda, dagaa hawaifuati tena taa, na vyombo hubaki ufukweni. Hapa Bwejuu, sinema hufuata mwezi.

Nasema Bwejuu ya Mafia, kile kisiwa kidogo cha kusini-magharibi ya kisiwa kikubwa, si Bwejuu ya Unguja inayojulikana na wageni. Unafika kwa mashua kutoka Kilindoni, na ukifika unakutana na mchanga, minazi, nyavu zilizoanikwa na harufu ya samaki wanaokauka. Nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Nikabaki siku mbili zaidi kwa ajili ya mtu mmoja na kazi yake.

Kazi yenyewe ni kutafsiri filamu. Tanzania nzima wanaijua, kwa kanda zamani, kwa diski baadaye, na sasa kwa flashi. Dar es Salaam alikuwepo Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu, aliyesimulia filamu za nje moja kwa moja mbele ya watazamaji wa mabanda ya video, kisha sauti yake ikaanza kusafiri ndani ya kanda za VHS. Msomi wa Kijerumani, Matthias Krings, ameandika kwa kirefu namna Lufufu alivyoisimulia upya filamu ya Kinaijeria, Karishika. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo, anayetafsiri kwa Kiganda. Na Japani, enzi za filamu bubu, kila jumba la sinema lilikuwa na mtu wake wa kukaa kando ya pazia na kusema. Waliitwa benshi, na Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao hadi filamu zenye sauti zilipowaondoa. Wetu hawajaondolewa. Filamu inayosema Kiingereza, kwa mtu wa Bwejuu asiyekijua, bado ni bubu.

Wiki hiyo msimulizi wa Bwejuu alikuwa na Looper, filamu ya Rian Johnson ya mwaka 2012. Nimeitazama mara kadhaa na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuisimulia kwa maiki moja kwenye kibanda umiza. Ni filamu ya uhalifu na ya kubuni mambo ya sayansi kwa pamoja. Mwaka ni 2044. Miaka thelathini mbele yake watu watagundua njia ya kusafiri ndani ya wakati, nayo itapigwa marufuku, na genge la wahalifu litaitumia kufuta watu: mtu anafungwa mikono, anavikwa mfuko kichwani, anarudishwa nyuma kwenye wakati, na pale anapotokea anasubiriwa na kijana mwenye bunduki. Kijana anaitwa Joe, anayechezwa na Joseph Gordon-Levitt. Malipo yake ni vipande vya fedha vilivyofungwa mgongoni mwa marehemu. Siku atakapokuta dhahabu badala ya fedha, atajua kwamba aliyemuua ni yeye mwenyewe, aliyezeeka na kurudishwa. Huko ndiko kufunga kitanzi.

Joe huyu hapendeki, na Johnson hakumtafutia kisingizio. Anaua asubuhi, usiku anatia dawa ya kulevya machoni kama mtu anayetia dawa ya macho. Rafiki yake Seth, aliyemwacha Seth mzee akimbie, anakimbilia kwake kujificha, na bosi anapompa Joe nafasi ya kuchagua kati ya rafiki na nusu ya fedha zake, Joe anaonyesha alipo rafiki. Kisha anakuja Joe mzee, Bruce Willis, naye tungetarajia awe amejifunza kitu. Amejifunza kumpenda mke. Kwa ajili ya mke huyo yuko tayari kuwaua watoto watatu ambao mmoja wao, hajui yupi, atakuja kuwa jitu baya. Mmoja anamuua, na si huyo.

Sasa weka hayo mbele ya benchi la wavuvi waliolelewa na filamu ambazo stelingi ni stelingi na adui ni adui, na ambazo kila mtoto anajua stelingi hafi.

Msimulizi alinionyesha alivyojiandaa. Mara ya kwanza huitazama filamu bila sauti hata kidogo, mpaka mwisho, peke yake. Anataka kujua picha inasema nini yenyewe, ili asije akasema juu yake jambo ambalo macho ya watu yanaliona tayari. Mara ya pili anaandika nasaba. Kauntabuku yake ina ukurasa mzima wa nani ni nani wa nani: Sara na mtoto Cid, Cid na yule anayemwita mama, bosi Abe na vijana wake. Anapopata udugu ndipo anapopata namna ya kuwasemesha, maana Kiswahili hakikuruhusu kumsemesha mtu kabla hujajua ni mkubwa wako au mdogo wako. Abe amemlea Joe tangu mtoto wa mtaani. Basi Abe anasema "mwanangu" hata anapotishia, na kile kitisho kinazidi ukali. Mara ya tatu anapima nafasi. Anahesabu kwa saa ya mkononi sekunde zilizopo kati ya sentensi moja na nyingine, na kuziandika pembeni kwa penseli: nne, saba, mbili. Pale penye mbili hawezi kutia zaidi ya maneno manne.

Kuna tarakimu moja aliyoizungushia duara mara tatu: umbali ambao bunduki inafika. Bunduki ya Joe ni ya mdomo mpana, ya risasi za kutawanyika, na yeye anaiita gobori, jina ambalo kila mzee wa delta ya Rufiji analielewa bila maelezo. Gobori hilo haliwezi kukosa karibu na haliwezi kupata mbali. Filamu inalisema jambo hilo kwa haraka. Yeye aliamua atalisema mara tatu, kila mara kwa maneno tofauti, na mara ya kwanza atapima kwa kitu kinachoonekana mlangoni: kutoka hapa hadi ule mwembe. Nilimuuliza kwa nini limeshika nafasi kubwa namna hiyo. Akasema, "Subiri, ndugu mwandishi."

Kabla ya kuwasha, anawaondoa watoto wadogo. Wananung'unika, anawaambia kesho ni ya kwao, leo si yao. Anakaa ubavuni mwa runinga, si mbele yake, uso ukiwa umeelekea kwa watu. Mkono wa kushoto unakaa kwenye mikisa, kidole cha shahada juu ya kitufe cha sauti ya filamu. Wa kulia unashika maiki chini kidogo ya kidevu, ili pumzi isipige. Karibu na mguu kuna kikombe cha maji ya tangawizi.

Kisha anaanza, na nikaona zana yake kubwa si maiki.

Joe kijana anamwita huyu. Joe mzee anamwita yule. Basi. Hakutumia "Joe mdogo" na "Joe mkubwa", ambavyo mimi ningekimbilia, wala namba. Huyu na yule, kuanzia dakika ile mzee anapotokea shambani bila mfuko kichwani hadi mwisho, na hakuchanganya hata mara moja. Lugha yetu imetupa maneno haya kwa ajili ya kilicho karibu na kilicho mbali, na kwa kawaida tunapima umbali wa mahali. Yeye alipima umbali wa miaka. Katika mkahawa, wawili wanapokaa meza moja, mtu mmoja aliyekatwa kati na miaka thelathini, sahani mbili za nyama na mayai mbele yao, nilimsikia akisema kwa sauti ya chini: huyu hajayaona ambayo yule ameshayasahau. Sentensi hiyo haimo kwenye filamu. Ilichukua sekunde nne, na nne ndizo alizokuwa nazo.

Tazama pia anavyoshika nyakati za vitenzi. Kusafiri ndani ya wakati ni mtego wa msimulizi. Ukiteleza kwenye "-li-" na "-ta-" umewapoteza watu, na hawarudi. Anachofanya ni kumfuata mtu, si kalenda. Aliyoyapitia yule ni "-li-", hata kama kwa kalenda bado hayajatokea. Yanayomsubiri huyu ni "-ta-", hata kama yule ameshayaishi. Alishikilia hivyo kama nahodha anayeshikilia nyota moja, na kwenye benchi la mbele, mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alianza kumweleza mjukuu wake akitumia utaratibu uleule bila kujua.

Tukio la Seth ni la kutisha kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Seth mzee anakimbia, na kwenye mkono wake kunatokea kovu lenye maandishi ya kumwita. Kisha kidole kinakosekana. Kisha kingine. Hatumwoni kijana anayekatwa. Tunaona mzee akipungua. Wasimulizi wengi wangepiga kelele hapa. Yeye aliweka maiki juu ya goti. Alikuwa amesema neno moja kabla, "kijana ameshikwa", na akaacha picha ifanye iliyobaki. Kitufe cha filamu kilipanda polepole, chini ya kidole kile, mpaka tukasikia viatu vinavyokimbia na pumzi. Mama mmoja mlangoni alijifunika uso kwa mtandio.

"Stelingi yuko wapi?" akauliza kijana wa nyuma, kwa hasira ya kweli. Alikuwa amemsubiri Bruce Willis tangu mwanzo.

Hakujibiwa. Desturi ya kazi hii ni kumpamba stelingi, kumpa jina la utani, kumsifia ngumi. Mtu huyu, usiku mzima, hakulitamka neno stelingi. Hakumwombea Joe msamaha wala hakumtukana. Alipomsaliti rafiki, alisema amemsaliti rafiki. Alipomwokoa mtoto Cid, alisema amemwokoa mtoto. Sauti ni ileile, uzito ni uleule. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Mimi nimehakiki filamu miaka mingi, na mara nyingi nimemhukumu mhusika mbaya haraka kwa sababu ya kuogopa kudhaniwa nampenda.

Kuna sehemu filamu inalegea, na ni vizuri kulisema. Watu wanaoinua sarafu hewani kwa akili tu wameletwa mapema na kusahaulika muda mrefu. Mke wa Shanghai, ambaye kwa ajili yake damu ya mtoto inamwagika, hapewi hata nafasi ya kusema kitu tukakikumbuka. Na kwenye shamba la Sara mwendo unapungua mno. Msimulizi alizijua sehemu hizo. Kwa mke yule alitafuta sekunde saba na kumfanya amsemeshe mumewe asubuhi moja kuhusu chai. Kwenye shamba alikunywa tangawizi yake, akawaacha watu wapumzike, akamwachia Sara, anayechezwa na Emily Blunt, ukali wa mama anayelinda shamba lake: maneno machache, yaliyopindwa kwa lafudhi ya hapohapo. Wanawake wa mlangoni walicheka kwa kumtambua.

Mara ya pili alilisema gobori. Mara ya tatu pia, kwa kupita tu, wakati huyu analisafisha.

Mwisho ni shamba la miwa. Yule ananyanyua bastola. Sara amesimama kati yake na mtoto. Huyu yuko mbali, gobori mkononi, na mbele yake ni uwazi mrefu wa udongo. Nikageuka kumtazama msimulizi, maana nilijua hapa kuna mengi ya kueleza: kwamba huyu anauona mzunguko wote, kwamba mama akifa mtoto atageuka kuwa lile jitu, na kwamba yule ni matokeo ya huyu. Maiki ilikuwa gotini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nilisikia mtu mbele yangu akinong'ona, "Halifiki. Gobori halifiki." Na mwingine, karibu kwa pamoja na mlio: "Basi ataligeuza."

Akaligeuza.

Kulikuwa na kimya, halafu kijana yule wa nyuma, polepole, kama anayeuliza: "Amekufa stelingi?"

Msimulizi alishusha vitufe vyote viwili kwa pamoja. Watu walitoka wakibishana, wengine hadi kwenye vyombo, na mzozo wao ulisikika mbali kwenye mbalamwezi. Yeye alichomoa nyaya kwa utaratibu uleule, kutoka sabufa kurudi betri, akazikunja mviringo wa kiwiko na kiganja. Akaifunga maiki ndani ya kanga. Kisha akakaa, akawasha taa ndogo ya simu, akafungua kauntabuku kwenye ukurasa wa mwisho.

Alikuwa ameandika pale, kwa ajili ya ile picha ambayo mzee anaondoka hewani na kubaki udongo mtupu: yule anatoweka. Alilitazama neno hilo muda mrefu. Lilikuwa sahihi kwa macho, lakini si kwa utaratibu aliouweka mwenyewe tangu mwanzo. Akalikata kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: yule hatakuwapo. Akalisoma kimoyomoyo, midomo ikisogea, akitazama saa ya mkononi. Sekunde mbili. Linaingia.

Onyesho la pili ni kesho kutwa, mwezi bado mkubwa.