Kiondoaji Kilichoacha Mlango Wazi

Kisa chenyewe mnakijua, kwa hiyo sitakisimulia kuanzia alifu. Kampuni ya muziki ya Sony BMG waliweka programu ya XCP kwenye CD za muziki, XCP ikapandikiza rutikiti, yaani programu inayojificha ndani kabisa ya mfumo, kwenye kompyuta za watu majumbani, mtaalamu wa Windows Mark Russinovich akaianika hadharani tarehe 31 Oktoba 2005, wateja wakachachamaa. Lawama karibu zote zimeangukia upande wa kupandikiza. Mimi nasema kosa baya zaidi lilikuja siku chache baadaye, kwenye kuondoa. Kampuni iliyopaswa kusafisha kompyuta za wateja wake iliamua kazi hiyo ifanywe na ukurasa wa wavuti, kwa kidude cha ActiveX, yaani programu ndogo ambayo kivinjari cha Internet Explorer huipachika kwenye kompyuta, kinachobaki ndani ya mashine baada ya kazi kwisha. Uamuzi ule ulikuwa mbovu siku ile, ni mbovu hata leo, na wapo mafundi wanaourudia kila wiki kwa kutumia programu nyingine.

Ili ubovu wake uonekane vizuri, tuangalie kwanza ni kitu gani kilitakiwa kuondoka. XCP iliandikwa na kampuni ya Uingereza, First 4 Internet, ili kuwazuia wanunuzi wasinakili CD. Ukiiweka CD kwenye Windows, autorun inaiamsha, unabofya kukubali masharti ambayo hayasemi lolote kuhusu kujificha, na draiva iitwayo Aries.sys inaingia hadi kwenye kerneli. Humo inachezea jedwali la miito ya mfumo ili faili, folda, mchakato au ufunguo wowote wa rejista wenye jina linaloanza na $sys$ usionekane tena. Russinovich aliipima kwa jaribio dogo tu: alichukua nakala ya Notepad, akaiita $sys$notepad.exe, nayo ikatoweka kwenye folda papo hapo. Pazia lile halikuuliza anayejificha nyuma yake ni nani. Tarehe 10 Novemba walijitokeza waandishi wa programu hasidi ya Breplibot na faili lao la $sys$drv.exe, wakijificha bure chini ya kivuli cha Sony.

Safu hii haijawahi kuisamehe autorun na haitaisamehe leo. Kompyuta inayoendesha programu kwa sababu tu umechomeka kitu imemnyang'anya mwenyewe uamuzi. Programu hasidi ya Conficker ilipita kwenye mlango huohuo tangu mwaka 2008, flashi za stesheneri zetu zikasambaza autorun.inf kutoka mtaa hadi mtaa, na Microsoft walisubiri mpaka Februari 2011 ndipo wakasambaza sasisho la kuifunga kwa flashi kwenye XP na Vista. Aliyezoea kubonyeza Shift wakati wa kuingiza CD mwaka 2005 hakuipata XCP kabisa.

Sasa kuhusu kuitoa. Ilikuwa sugu kweli, hilo nakubali. Haikuwamo kwenye orodha ya programu za kuondolewa. Draiva zake ziliandikishwa ziamke hata kwenye Safe Mode, mahali ambapo fundi hukimbilia mambo yakishindikana. Na mtu akiyafuta mafaili yake kwa mkono, CD drive yenyewe inapotea kwenye Windows. Ndivyo ilivyomtokea Russinovich. Alipofuatilia akakuta vichujio viwili: Crater.sys imejifunga kwenye CD drive, na Cor.sys kwenye chaneli ya IDE. Windows ilikuwa ikitafuta vichujio ambavyo havipo tena, ikakataa kuwasha kifaa. Ilimbidi aifungue Regedit kwa mamlaka ya mfumo wenyewe kwa kutumia zana ya PsExec, aondoe maandishi ya vichujio hivyo kwenye rejista, awashe upya, ndipo drive ikarudi. Kazi safi, hatua kwa hatua, na kila hatua kaieleza wazi ili mwingine aikague.

Sony BMG walijibu kwanza kwa kiraka cha tarehe 2 Novemba. Kiraka kile kiliondoa ule uwezo wa kuficha tu, XCP ikabaki. Tena kiliing'oa Aries.sys huku Windows inaendelea kufanya kazi. Draiva iliyoshika miito ya mfumo haing'olewi hivyo, kwa sababu mchakato mwingine unaweza kuwa katikati ya kupita ndani yake wakati huohuo, na matokeo yake ni skrini ya bluu. Russinovich alionyesha njia salama isiyozidi mstari mmoja: sc delete $sys$aries, kisha uwashe kompyuta upya. Mstari mmoja! Draiva haiamki tena, pazia linaanguka, na hakuna mtu wa nje aliyeingia kwenye mashine yako.

Aliyetaka kuiondoa XCP nzima ndiye aliyepelekwa kwenye ule uamuzi ninaoulalamikia. Mteja alijaza fomu kwenye tovuti, akitoa anwani yake ya baruapepe na kueleza CD aliinunua wapi. Akasubiri baruapepe yenye namba ya shauri lake. Akarudi kwenye tovuti, akaambiwa akubali kidude cha ActiveX kiitwacho CodeSupport, akajaza fomu nyingine, akasubiri tena, ndipo akatumiwa kiungo kinachofanya kazi kwenye kompyuta ileile moja tu. Kuipata XCP kulihitaji kubofya mara moja. Kuiondoa kulihitaji maombi, subira na kibali.

Usumbufu huo ni jambo dogo ukilinganisha na CodeSupport yenyewe. Kilikuwa kimetiwa alama ya kuwa salama kuitwa na hati za ukurasa wa wavuti, maana yake ukurasa wowote unaofunguliwa na Internet Explorer ungeweza kukiamuru. Kilikuwa na uwezo wa kupakua programu kutoka anwani kitakayopewa na kuiendesha. Hakikuhakiki kama programu hiyo imetoka Sony BMG au First 4 Internet. Na kazi ikishakwisha, hakikujiondoa. Yaunganishe hayo manne uone mteja aliachwa na nini: tovuti yoyote atakayoitembelea baadaye, iwe ya habari, ya muziki au ya matapeli, iliweza kukiamuru CodeSupport kishushe chochote na kukiendesha kwa mamlaka ya mwenye kompyuta, bila kumuuliza.

Mtafiti wa Finland, Matti Nikki, ndiye aliyeanza kuonyesha kwamba kidude kile kinapokea amri kutoka nje, ikiwemo amri ya kuizima na kuiwasha kompyuta upya. Ed Felten na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Princeton wakaifuatilia hadi mwisho, na tarehe 15 Novemba wakatangaza kwamba tundu lile linaruhusu kuchukua kompyuta nzima. Neno lao lilikuwa zito: waliona kiondoaji kinamweka mteja kwenye hatari kubwa kuliko rutikiti yenyewe. Nakubaliana nao bila kusita. Rutikiti ilihitaji mhalifu awe ameshaingia ndani ndipo aitumie kujificha. CodeSupport ilimwingiza.

Angalia pia nani aliyeumia. Mnunuzi asiyejali hakuomba kiondoaji, kwa hiyo hakupata tundu hilo. Aliyelipata ni yule mwangalifu, aliyesoma habari, akahangaika, akajaza fomu zote mbili na kusubiri baruapepe zote. Uangalifu wake ndio uliomponza. Kwangu hiyo ndiyo aibu kuu ya kisa hiki, kwa sababu inamfundisha mtu wa kawaida kwamba akijaribu kujilinda ataumia zaidi, na mtu aliyefundishwa hivyo hasasishi tena, hakagui tena, anaacha tu.

Wapo wanaowatetea kwa kusema kwamba mwaka 2005 ActiveX ilikuwa kawaida, na kwamba hata Windows Update ilitumia njia hiyohiyo. Utetezi huo hausimami. Windows Update ilihakiki saini ya kidijitali ya kila kifurushi kabla ya kukigusa, na ilikuwa chombo cha kudumu cha waliotengeneza mfumo wenyewe. Kiondoaji ni kazi ya mara moja. Faili moja la kupakua, lenye saini, ambalo mteja analihifadhi, analikagua kwa antivirusi, anachomoa waya wa intaneti, analiendesha, kisha analifuta, lingetosha kabisa. Sony BMG wenyewe walikuja kutoa kiondoaji kingine kabla mwaka haujaisha. Kama kiliwezekana Desemba, kiliwezekana Novemba. Na hawakukosa muda pia, kwa sababu kampuni ya usalama ya F-Secure ya Finland walikuwa wameshawaeleza kuhusu rutikiti hiyo mwanzoni mwa Oktoba, kabla Russinovich hajaandika neno.

Chanzo cha uamuzi ule ni kwamba mpandikizaji alikabidhiwa kazi ya kuondoa. First 4 Internet, walioandika XCP, ndio walioandika na CodeSupport. Ni kumkabidhi fisi bucha. Waliofikiri tangu mwanzo kwamba kompyuta ya mteja ni mahali pao pa kuingia na kutoka hawakuweza kufikiri vingine walipoombwa watoke. Na waliowakabidhi hawakuwa tofauti: mmoja wa wakuu wa Sony BMG alishasema redioni kwamba watu wengi hata hawajui rutikiti ni nini, kwa hiyo hawana sababu ya kujali. Mwenye fikra hizo hawezi kutengeneza kiondoaji kizuri, hata apewe mwaka mzima.

Kinyume chake, Microsoft, ambao hawakuipandikiza, waliingiza alama ya kuitambua na kuiondoa rutikiti hiyo kwenye zana zao za usafi.

Nikilinganisha na wazee wa kazi hii, nasikitika. Brain, kirusi cha ndugu wawili wa Lahore, kilitoka mwaka 1986, na tayari kilijua kujificha kwa staili hiihii: ukiomba kusoma sekta ya kwanza ya flopi, kinakuonyesha ile halali iliyohifadhiwa pembeni. Alan Solomon kule Uingereza na Fridrik Skulason wa Iceland, mwandishi wa antivirusi ya F-PROT, walilielewa somo hilo mapema. Kanuni ya zama zao ilikuwa moja na haikujadiliwa: zima mashine, iwashe kwa flopi safi iliyozuiwa kuandikwa, ndipo uanze kutafuta. Mfumo ulioambukizwa hauaminiwi kujieleza wenyewe. Hawakuwa na intaneti ya kutegemea, na programu yao ilifanya kazi kutoka kwenye flopi, ikaisha, flopi ikatolewa. Haikubaki kitu. Miaka kumi na tisa baadaye, kampuni yenye fedha na wanasheria ilisahau yote mawili: ikasafisha mfumo kutoka ndani ya mfumo wenyewe, na ikaacha chombo ndani.

Malipo yalikuwa makubwa. CD zilizohusika zilikuwa za majina 52, zilizotengenezwa ni takriban milioni 4.7 na zilizouzwa takriban milioni 2.1. Zikaondolewa sokoni, jimbo la Texas likafungua kesi Novemba hiyohiyo, na Januari 2007 Tume ya Biashara ya Marekani ikafikia makubaliano yaliyowataka Sony BMG walipe hadi dola 150 kwa kila aliyeharibikiwa kompyuta akijaribu kuiondoa programu ile. Soma hilo vizuri: fidia ilitajwa kwa ajili ya madhara ya kuondoa.

Nimesema mafundi wanaurudia uamuzi huu, na sitanii. Mtu anapeleka laptopu yake yenye virusi vya shortcut, kazi ambayo ni kusimamisha wscript, kufuta hati ya VBS na njia inayoiamsha, kisha kurudisha mafaili yaliyofichwa kwa amri ya attrib. Badala yake fundi anampigia Windows mpya bila kuuliza picha za harusi ziko wapi. Au anampachikia antivirusi iliyokrakiwa, ambayo kwa asili yake ni programu isiyojulikana imetoka wapi, na anaipa mamlaka yote ya mashine. Au, na huyu ndiye anayefanana kabisa na Sony BMG, anaingia kwa mbali kupitia programu ya kuongoza kompyuta, anasafisha, analipwa, na programu ile inabaki palepale na nywila ya kudumu aliyoiweka yeye. Mteja anadhani kasafishiwa. Kompyuta yake sasa ina wenyewe wawili.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usimpime fundi kwa kile alichokiondoa peke yake, mpime pia kwa kile alichokiacha. Kabla hujalipa, mwambie afungue programu ya Autoruns mbele yako, akuonyeshe kila kinachoamka kompyuta inapowashwa, na akueleze kila alichokiongeza. Programu ya kuingilia kwa mbali iondolewe ukiwa unaangalia, na nywila zako muhimu uzibadilishe siku hiyohiyo. Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa hivyo. Akichukia, chukua kompyuta yako utafute mwingine.